Malori Kumi na Mawili Darajani

4 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lori nalo halijambo, maana najua ukiulizwa hali unaanza na lile. Mimi ni mzima, ila jua la huku mtoni limenichoma hadi masikio.

Asante kwa kutuletea yale malori kumi na mawili ya kokoto. Mliyapanga juu ya daraja jipya, tukapima. Mahesabu yangu yalisema katikati patashuka milimita thelathini na moja. Pameshuka ishirini na tano tu! Bosi kanishika mkono mbele ya watu wote. Tarehe 14 natia saini, na mwezi ukiisha mizigo ya bandarini itaacha kuzunguka kilomita mia mbili. Jivune, nakuruhusu.

Binti yako, mhandisi

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, lori halijambo. Ningekupigia simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika mwisho, kwa hiyo nimempa dereva wa saruji barua hii akufikishie mkononi.

Usitie saini.

Machimboni mlitujazia sawasawa, tani thelathini kila lori, kupita kiwango cha barabarani, mkatupa na barua ya ruhusa ya kupita mizani ya barabarani. Sasa mama, dereva gani anaamini karatasi akiiona mizani mbele yake? Kabla ya kona mmoja akasimama, akapanda juu na koleo, akapunguza. Wa pili akamwiga. Mimi nilikuwa wa tatu, na nilipunguza kuliko wote. Tulipofika, wakaiona barua, wakafungua kizuizi hata bila kutupima. Tulichekana sana. Barua yako ilipofika kicheko kiliniisha, maana daraja lilishuka kidogo kwa sababu mzigo ulikuwa pungufu. Mazoea yana taabu. Nina aibu, mwanangu.

Baba yako, Breki

12 Juni

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe leo. Mtu mzima kama wewe, na koleo barabarani!

Nimeshinda na barua yako bila kula. Bosi anasema nitie saini tu, daraja litabeba. Hata mimi naamini litabeba. Lakini nikitia saini kitu ambacho sikukipima, hata likisimama miaka mia nitakuwa mwongo. Nimekataa. Tunarudia tarehe 28, na kila lori litapimwa palepale kwenye mlango wa daraja. Ufunguzi umesogezwa mbele, na wakubwa wamenuna.

Ripoti lazima iseme nani alikosa, na aliyekosa hatabeba tena vifaa vya mradi. Niandike nani?

Binti yako

15 Juni

Mama,

Marahaba. Afadhali umenigombeza. Ungeninyamazia ningeumwa.

Andika Breki. Wenzangu wana watoto shuleni. Wangu keshamaliza, tena kahitimu na kugomba. Wakininyima kazi ya mradi, mizigo mingine ipo, nchi hii haijaacha kununua na kuuza. Tarehe 28 nakuja. Nawe ule chakula.

Baba yako

1 Julai

Baba,

Shikamoo. Habari za safari ya kurudi? Mimi sasa nakula vizuri.

Milimita thelathini na moja. Niliisoma mara tatu kwa macho yangu, na leo asubuhi nimetia saini. Kwenye ripoti nimeandika kosa ni la mhandisi, hakupima malori darajani. Ndivyo ilivyo, mizani ya kubebeka ilikuwa stoo na mimi sikuitoa. Wamenipa barua ya onyo. Nimeiweka kwenye faili, wala hainitishi. Wewe na wenzako kazi yenu ipo.

Limebaki moja, na hapo nakugombeza tena. Amri ilikuwa dereva akishaegesha ashuke, atembee hadi ng'ambo, tusubiri kwa muda wa saa mbili. Kumi na mmoja walishuka. Wewe ulibaki ndani ya lori, katikati kabisa ya daraja, kiti umekilaza. Nilipokuita ukasema miguu inakuuma. Baba, asubuhi ile ulipanda juu ya kokoto mara mbili kunionyesha zimejaa. Nilikasirika, halafu nikalia. Nilikuwa chini pale ukingoni nasoma kipimo kwa mara ya tatu, nikainua macho nikakuona umelala usingizi.

Binti yako