Magauni Yangu Kwenye Simu Yake

Jumatatu, 3 Machi
Nimeiuza! Simu ya zamani imeondoka. Mnunuzi kavaa shati lililonyooshwa mpaka mikunjo inakata — nimempa jina, Bwana Pasi. Kaigeuzageuza, kapiga picha cherehani yangu kujaribu kamera, kasema ni zawadi ya mkewe. Mke alibaki mlangoni, mikono ya gauni mpaka vidoleni, na joto lote hili! Nikamwambia, dada, njoo nikushonee kitu chepesi. Akamtazama mumewe kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Upumbavu wangu. Sikuitoa akaunti yangu kwenye ile simu, picha zake zinaingia kwenye simu yangu mpya. Leo natafuta picha ya gauni la bibi harusi, nakutana na mkono wa mtu. Umevimba, una weusi. Kando yake rula! Picha ya pili, shingo yenye alama za vidole. Nimeshapima shingo nyingi, ile naikumbuka: ya mke wa Bwana Pasi.
Dada yangu anasema niitoe akaunti upesi, nisijitie katika mambo ya mtu na mkewe. Nimeshindwa.

Ijumaa, 7 Machi
Picha nne zaidi. Kila moja na tarehe kwenye kikaratasi. Huyu anakusanya ushahidi. Na mimi nashona vifungo. Naona aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu wangu. Leo imeingia picha ya karatasi yenye mwandiko: Fundi, magauni yako yanaingia huku. Najua na mimi unaniona. Tafadhali usifute.
Kumbe kila gauni ninalopiga picha linamfikia! Nikaandika kwenye karatasi ya kukatia nguo, nikaipiga picha: Sifuti. Nikusaidieje?
Jibu lilikuja jioni, pamoja na mtaa wao na namba ya nyumba. Mume anasafiri Jumanne asubuhi, akishatoka atakuja kwangu. Nifute mazungumzo haya. Nikafuta. Picha za majeraha nimezihamishia kwenye simu ya dada.

Jumapili, 9 Machi
Dada kasema nina wazimu. Kanigombeza saa nzima. Kisha kaleta godoro.

Jumanne, 11 Machi
Nilifagia mapema, nikatandika godoro chumba cha nyuma. Hodi! Nikakimbia kufungua.
Bwana Pasi. Peke yake. Shati jeupe, simu mkononi, salamu za adabu, ananiuliza hata habari za kazi. Anataka kuifuta simu yote, ila inamdai nenosiri la akaunti yangu. Niliweke mara moja, aende zake.
Nikamuuliza, si ulisema ni ya mkeo? Akatabasamu. Haihitaji tena.
Haihitaji tena! Nilitaka kumkaba. Nikasema nenosiri liko kwenye daftari, ngoja nikalitafute nyuma. Daftari lenyewe ndilo hili. Naandika ili asikie kurasa zikigeuka. Dada, aliyekuwa chumba cha nyuma, katoka kwa mlango wa uani, anakimbilia polisi. Nimemwambia waende nyumbani kwao kwanza, wamtazame mke, mimi baadaye.
Bwana Pasi yuko kwenye benchi la wateja. Tumetenganishwa na pazia, tena fupi — nilikosea kipimo nikasema nitalishusha. Sijalishusha.
Ananiita. Fundi, umelipata? Nimejibu bado, daftari lina kurasa nyingi.
Nasikia benchi likilia.
Simu yangu imetikisika. Imeingia picha mpya.
Pazia langu. Chini yake, miguu yangu.