Macho Niliyoyaita Mazima

Mdogo wangu mpenzi,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo ulipo, wewe na mafundi wenzako wa kiwandani. Natumai mgongo umepata nafuu, na kwamba msimamizi wenu hakusimamishi tena kutwa nzima. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Yaliyomo hayasemeki kwa mkato.

Uliponipigia simu kuuliza habari za mashindano ya kusoma, nilikujibu tu kwamba binti yako hakushinda. Kweli ni kwamba alisoma kurasa zake kama maji, hata watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Ndipo mtahini, mzee mwenye mzaha, akasema mchele uliopepetwa hauonyeshi mpishi, sasa na apewe wenye chuya. Akafungua msahafu mahali pengine. Mtoto akainamisha kichwa upande, asianze kusoma. Wenzake, wale wanaomwita Kasuku, wakacheka chini kwa chini. Nilipomhimiza, akanigeukia akasema kwa upole kwamba ukurasa ule mjomba hajamsomea bado.

Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa macho, binti anayeweza kuwa mjukuu wangu, alimtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akanichorea kwenye karatasi. Alisema ndani ya jicho mna lenzi, mviringo kama punje ya dengu, nayo hushikwa pande zote kwa nyuzi nyembamba mno, mfano wa ngozi ya ngoma inavyowambwa kwa kamba. Lenzi za binti yako zina pengo ukingoni, kama biskuti iliyomegwa, na penye pengo nyuzi hazikuota. Kwa hiyo lenzi zimelegea upande mmoja, na nuru huingia imepotoka. Nilipouliza kama ni mtoto wa jicho, akasema sivyo. Si kijicho cha mtu, wala si kosa lako ulipombeba; ameumbwa hivyo, na ni kasoro adimu ambayo yeye mwenyewe ameiona mara mbili tu. Pengo lenyewe hujificha nyuma ya duara lenye rangi, hata kwa nje macho yakaonekana mazuri.

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa akisoma kwa kuinamisha kichwa upande, kama kuku anayemtazama mwewe. Nami nilikuwa nikimwekea rula chini ya kidevu, nikimwambia Kitabu cha Mungu hakitazamwi kwa pembe.

Jicho la kulia litasaidiwa na miwani. La kushoto pengo lake ni kubwa. Daktari alieleza kwamba ubongo hujifunza kuona utotoni, na usipoletewa picha safi huliacha jicho. Angeletwa akiwa na miaka sita, huenda lingeokoka. Sasa ana kumi na mmoja. Watajaribu, lakini hakuniahidi kitu.

Mdogo wangu, alipokuwa na miaka hiyo sita uliniuliza kama tumpeleke akapimwe, kwa kuwa alikuwa akijigonga milangoni. Nilikuambia macho yake ni mazima, nimemwona akisoma. Nilikudanganya. Wiki ileile, kabla hujaniuliza, nilimkuta ameuweka msahafu juu chini kwenye kibao cha marufaa, naye anasoma bila kukosea hata herufi. Nikajua kwamba haoni, anasoma kwa kichwa. Nikanyamaza, kwa sababu wazazi walikuwa wakija darasani kwangu kumsikiliza, na kila aliyemsifu yeye alimsifu mwalimu wake. Miaka mitano nimeswalisha watu nikiwa na jambo hilo kifuani.

Juzi nilimketisha nikamwungamia. Hakulia. Alisema wenzake walimwambia siku ileile kwamba msahafu ulikuwa juu chini. Na kwa kuwa mimi sikusema neno, aliamini kwamba mjomba naye haoni. Ndiyo maana hakumlalamikia mtu yeyote habari za macho yake, wala wewe mama yake: alichelea kwamba nikipelekwa kupimwa pamoja naye, watu watajua, nami nitanyang'anywa darasa.

Darasa nimelikabidhi kwa mwingine. Msamaha siuombi kwa barua; njoo, uniambie uso kwa uso lililo moyoni mwako. Binti yako anakusalimu sana, nami nakuombea kwa Mola subira ambayo sistahili kukuomba wewe.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.