Uso wa Rangi ya Fedha

Jumatatu, 3 Machi

Mtoto kalala. Nimekaa sakafuni kando ya ndoo ya nepi. Miezi mitano leo. Siku zimekuwa kama maji ya uvuguvugu — napita ndani yake tu, miguu haigusi chini.

Tausi kapiga simu. Ndiye mwimbaji wetu. Hilo jina alijipa mwenyewe, na anavaa manyoya ili asibishiwe. Jumamosi tunapiga ukumbi mkubwa, saa tisa mchana. Sisi, Wafalme wa Kadibodi! Tulioanzia stoo ya shule, taji tumezikata kwenye maboksi ya sabuni. Miaka minane, albamu mbili, na watu bado hawajui muziki wetu wauiteje. Gitaa zinanguruma, kinanda changu kinaingia taratibu kama mtu anayefungua pazia, halafu Tausi anaimba kama bibi harusi aliyeachwa mlangoni. Wimbo unaanza kwa mnong'ono, unaisha kwa gwaride.

Kaniambia kuna binti ameshajifunza sehemu zangu zote. "Yeye hana haraka. Mimi ninayo, dada yangu. Jumatano uje mazoezini, au nimchukue yeye."

Nikasema nakuja. Nimesema hata sijafikiri.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi na mavazi kamili. Nimekwenda na mtoto, na mama mkwe wa kumshika.

Bendi ina sharti moja: hakuna anayepanda jukwaani na uso wake wa kawaida. Nililitunga mimi mwenyewe, nina miaka kumi na saba. Rangi ya fedha toka kwenye paji hadi shingoni, wanja hadi kwenye nyusi, nyota shavuni.

Wimbo wa kwanza — ah! Vidole vimekumbuka vyenyewe. Nilielea. Chumba kizima kikawa cha buluu. Nilipopandisha sauti ya juu kwenye kibwagizo, maziwa nayo yakaja. Satini ya vazi langu ikalowa, madoa mawili kama sahani. Mpiga ngoma wetu ni shemeji yangu, mchana ni fundi bomba. "Shem, hapo panavuja, nilete spana?" Tulicheka mpaka manyoya ya Tausi yakamwanguka.

Halafu, rangi bado usoni, nikamchukua mtoto nimnyonyeshe.

Akanitazama. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Akajikunja nyuma kama upinde, ananisukuma kifuani, macho yanazunguka chumbani yanamtafuta mama. Na mama ni mimi! Dakika ishirini, mafuta na taulo, mpaka uso ukarudi. Akanyonya huku bado ana kwikwi.

Njiani mama mkwe akasema kazi ni kazi, hanizuii. Ila mtoto hajui bendi, anajua uso.

Alhamisi, 6 Machi

Chupa — kakataa. Kikombe — kakataa, kamwogesha bibi yake.

Jumamosi tunatakiwa ukumbini toka mchana, hatutoki mpaka jioni. Hawezi kukaa muda wote huo bila kunyonya. Nikampigia Tausi: je, nipande bila rangi? Akasema kwa upole kabisa kwamba watu wanakuja kuona wafalme, si majirani zao.

Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

"Basi nimwite binti?"

"Usimwite."

"Sasa utafanyaje?"

Nikakata simu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimesinzia mchana na mtoto kifuani. Nimeota kinanda kimejaa maziwa. Kila nikibonyeza, yanapanda, ya joto, hayamwagiki. Nimeamka naimba.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa penseli ya wanja, kalamu imebaki nyumbani. Chumba cha kubadilishia nguo. Balbu kuzunguka kioo, tatu zimekufa. Kule nje watu wanavuma kama friji kubwa.

Nimemweka mtoto juu ya meza, bibi yake kamshika kiunoni. Nimejipaka mbele yake. Mstari mmoja, nasubiri. Mstari mwingine. Na ninaimba — ile sehemu yangu ya kibwagizo isiyo na maneno, ninayombembelezea tangu azaliwe. Mdomo wake ukianza kupinda, naacha, namwonyesha upande mtupu. Kisha tena. Nimefika katikati ya pua. Kulia fedha, wanja, nyota. Kushoto, mimi.

Tausi kaingia. Nyuma yake, koridoni, nimemwona yule binti. Ameshapakwa. Mzuri. Vidole vinapiga sehemu zangu hewani.

"Dakika kumi, dada. Uso mzima, au apande yeye."

"Sharti nimelitunga mimi," nikamwambia. "Kaa chini."

Akakaa! Juu ya ndoo, manyoya yanaburuza sakafuni.

Sasa ananyonya. Nimemgeuzia upande mtupu. Shemeji ameanza kugonga ngoma kubwa, polepole, anatununulia muda, Mungu ambariki. Mama mkwe ananong'ona nisitikisike.

Mtoto ameachia titi. Hajalia. Anatazama upande huu, anatazama upande ule. Ameinua mkono. Kidole kimefika kwenye nyota. Kinaisugua. Kimetoka na fedha, anakishangaa, anakirudisha tena shavuni —

Tausi kasimama.

Naweka penseli chini, nachukua brashi nimalizie upande wa kushoto, naimba