Koti la Kaka Delin

Jumanne, 12 Machi 2024

Shenzhen! Miguu imevimba kama mikate. Sisi wastaafu wa mkoa wa Gansu tumevishwa kofia nyekundu, tunafuata kibendera cha kiongozi kama bata. Yinhua, mke wangu, anasema nafanana na njiti ya kiberiti. Majengo marefu mno — shingo inauma, na picha zangu zote ni za kidole gumba.

Kwenye begi nina koti la bluu la Kaka Delin. Alikuja kujenga mji huu akiwa na miaka ishirini na minne. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Miaka thelathini na kitu. Mama sasa hainuki kitandani, kanituma: nifike alipoishi, niite jina lake mara tatu, niirudishe roho yake nyumbani ndani ya koti, tulizike kando ya Baba. Halafu na yeye apumzike.

“Ila kama yu hai, usimwite,” akasema. “Utauacha mwili mtupu.”

Nitajuaje, Mama? Akageukia ukutani.

Jumatano, 13 Machi

Tumelitoroka kundi. Barua zilitaja vibanda karibu na mabwawa ya samaki. Mabwawa! Kuna jengo la maduka, la vioo juu mpaka chini. Nje tukamkuta Mzee Ou, mwenyeji, anacheza karata.

“Vibanda? Umevikanyaga, ndugu yangu. Pale wanapouza chai ya maziwa.”

Nikamweleza Kaka: mrefu, kovu kidevuni, teke la punda.

“Vijana wa Gansu walikuwa wachorongaji, watoboa miamba ya misingi. Vumbi liliwala mapafu. Wengi walikwenda kwao kufa.”

“Huyu hakurudi.”

Akaacha karata. Akachukua namba yangu, atawauliza wa zamani. Mpaka usiku kimya. Yinhua anasema tusubiri. Lakini treni ni keshokutwa, na Mama hasubiri.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwita.

Adhuhuri, foleni ya chai, mimi na koti mkononi kama muuza mitumba. “Delin! Twende nyumbani!” Watu wakageuka. Mara ya pili sauti ikakatika. Binti wa kaunta akanionea huruma:

“Umepotelewa na mtu, Baba?”

“Kaka yangu.”

“Ana miaka mingapi?”

“Ishirini na minne.”

Akatazama mvi zangu. Akachukua kipaza sauti. Mara ya tatu aliita yeye, jengo zima likasikia: “Delin, ndugu yako anakusubiri. Njoo mwende nyumbani.”

Labda ni unyevu wa kiyoyozi, sijui. Koti likawa zito.

Roho haioni njia, lazima iambiwe kila mlango, kila daraja. Basi nikaanza: “Kaka, ngazi hii inatembea yenyewe, usiogope.”

“Mwambie ashike pembeni,” Yinhua akatania. “Wewe mwenyewe ulianguka juzi.”

Ndani ya treni ya chini ya ardhi watu walibanana kama dagaa. Kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi. Kila aliyetaka kukikalia alikitazama, akabaki wima. Yinhua hakutania tena.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika ndani ya teksi.

Tulikuwa kwenye basi la kundi, tunakwenda stesheni. Simu. Mzee Ou.

“Nimempata! Kovu kidevuni, mapafu mabovu. Amepanga chumba huku nje ya mji. Aliona haya kurudi kwenu mikono mitupu.”

Nilipiga kelele basi zima likasimama. Yu hai! Kisha Mzee akakohoa.

“Ila, ndugu yangu… jana alianguka. Alikuwa anakula tu, kijiko mkononi. Anapumua, macho wazi. Ukimwita haitiki.”

“Jana saa ngapi?”

“Adhuhuri.”

Tumeshuka katikati ya barabara, kiongozi akipunga kibendera chake. Yinhua alisimamisha teksi hii, mimi nilikuwa nimelikumbatia koti tu. Mama alinifundisha njia ya kwenda. Ya kuirudisha roho mwilini hakunifundisha. Labda maneno ni yale yale.

Dereva ananitazama kwenye kioo. Anitazame.

“Kaka, tunageuza. Kona kushoto. Daraja hili.” Mji huu na madaraja yake! Moja juu ya jingine, sijui kama nayataja yote.

Yinhua ameshika mkono wa koti kama anavyoshika mkono wa mtoto barabarani.

“Shemeji,” anasema taratibu, “kuna daraja jingine mbele. Usituache.”

Koti limeanza kuwa jepesi. Bado hatujafika.