Nyumbani Nakujua

Columbia Heights, Minnesota

Mjukuu wangu mpenzi Wakesho,

Pokea salamu zangu, na uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Sisi tu wazima. Shangazi yako angali na zamu zake za hospitali.

Umeuliza kama siudhiki, mzee kama mimi, simu inaponitaka kila mara nithibitishe kuwa ni mimi, ninapoomba pasipoti mpya mtandaoni nije arusini kwako. La, nastaajabu tu: ofisi ya serikali yetu imenifuata hadi jikoni huku kwenye theluji!

Nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho ujanani, chifu alikuwa ndugu wa baba yangu. Hata hivyo aliniuliza mbele ya watu, "Wewe ni nani, mwana wa nani?"

Nikacheka. "Baba mdogo, jana si umekula kwetu?"

"Nyumbani nakujua. Hapa nikikupitisha bila kukuuliza, kesho nitampitisha mwizi kwa jina lako."

Juzi kijana alinipigia, akaniita babu kwa adabu nyingi. Alidai yeye ni wa serikali, akataka namba ya siri iliyoingia simuni. Nilikaribia kumsomea, maana tulilelewa kutomnyima mwenye adabu. Ndipo nikamkumbuka chifu.

"Samahani, mwanangu. Wewe ni nani, mwana wa nani?"

Akakata simu.

Pasipoti imekubaliwa. Utakaponipokea uwanja wa ndege, usiudhike nikikuuliza jina kwanza, umekua mno.

Ni mimi babu yako, akuombeaye kila asubuhi.