Alfajiri Zako Zilizonyooka

Papa,

Nimerudi kutoka shule Mbarara kwa likizo, nikamkuta mama anateka maji ya ziwa. Ya ziwa, Papa! Na wewe ulifanya kazi kwenye mtambo wa maji hapa kambini Nakivale mpaka moyo wako uliposimama. Anasema tangu tukuzike, maji ya bomba yananuka dawa asubuhi, hata chai hainyweki. Wamama wa kanisa wote wameyaacha. Baraka ameanza kuharisha, na unajua mdogo wangu alivyo mwembamba.

Unanijua, mimi hata kuomba chumvi kwa jirani naona haya. Lakini nilikwenda mtamboni, nikamwomba Fundi Tumwine, aliyeshika nafasi yako, nione kompyuta inayopima klorini, ile dawa ya maji. Akacheka. "Kasichana ka shule, namba iko muzuri, ona!"

Kweli ilikuwa nzuri. Ilikuwa mchana. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinikalisha juu ya bidon, dumu tupu la maji, mbele ya kioo kile cha kompyuta: "Hii ni ya sasa tu. Fungua za nyuma."

Nikamsihi azifungue. Mstari ukajitandaza, wiki hadi wiki. Tangu ulipoondoka, kila alfajiri klorini inapanda, mchana inashuka. Na alfajiri ndipo wamama wanapoteka, kabla ya kwenda shambani. Nikarudi nyuma zaidi, kwenye siku zako. Alfajiri zako zimenyooka, Papa. Zote.

Hapo nikaelewa jioni zako.

Mama alikuwa akikugombeza, "Kila jioni unafwata nini kule?" Nawe ukijibu, "Naenda kusalimia pompe," ile pampu ya dawa. Tulidhani ni mzaha wako. Kumbe ulikwenda kupunguza dawa ya usiku, kwa sababu usiku watu hawateki, maji yanapita polepole, na dawa inaendelea kudondoka vilevile.

Fundi alikuna kichwa. "Mzee hakuniambia hii." Jioni ile akapunguza mwenyewe. Asubuhi tuliangalia pamoja: mstari umelala.

Wakabaki wamama. Jumapili, baada ya ibada, nilisimama mbele yao. Nilipoeleza habari ya alfajiri, Mama Neema akadakia, "Ati dawa nayo inaamkaka kabla yetu?" Wakacheka sana. Nikacheka nami, na maneno yaliyokuwa yamekwama yakatoka. Nikanywa kikombe cha maji ya bomba, chote, wakiniangalia.

Kesho yake mama alichukua bidon, akaenda bombani bila kuniambia. Akapika chai, akaonja, akaonja tena. Halafu akasema, "Kumbe alikuwa anasalimia pompe kweli." Akalia, Papa. Lakini alimaliza chai, na Baraka akaomba ya pili.

Pumzika sasa. Fundi ameahidi kwenda kila jioni. Mimi nitasoma kemia hata ikinitoa jasho, na kila likizo, kabla sijafungua sanduku langu, nitakwenda mtamboni kufungua za nyuma. Nikikuta alfajiri imepanda, sitaona haya tena kusema.

Binti yako,
Esperance