Mwambie Baba Yako

Jumatatu, 3 Machi

Nimechukua chumba. Basi, nimeshaandika. Ufunguo uko ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kitanda — mtu wa miaka thelathini na moja naficha ufunguo kama mtoto aliyedokoa sukari! Chumba chenyewe kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini mlango ni wangu. Nilikaa sakafuni nikasikiliza. Hakuna anayeniita. Nikaingiwa na hofu, nikafunga, nikaondoka mbio.

Kurudi nyumbani nikakuta zamu yangu inanisubiri. Mama, jikoni uani: mwambie baba yako bomba linavuja tangu juzi, kama limemshinda basi aite mwanamume alitengeneze. Nikapita ukumbi mzima hadi kibarazani mbele. Nikasema, baba, mama anauliza kama utapata nafasi ya kulitazama bomba. Baba akasema mwambie mama yako mimi si kibarua wake. Nikarudi uani: baba amesema atalitazama. Kisha nikalikaza mwenyewe kwa spana. Kila mmoja amelala akidhani mwenzake bado ana adabu kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nitawaambiaje kuwa nahama? Na nani kwanza? Kwa watu wengine unawaita wazazi sebuleni, unasema mara moja, yanaisha. Hawa wangu hawajakaa chumba kimoja tangu mdogo wangu aondoke.

Nikiandika labda nitatulia. Mdogo wangu wa kiume alipofika miaka ishirini alitaka kwenda kujitegemea. Mama alikuwa hospitalini, akimuuguza dada yake. Baba akauza cherehani ya mama, akampa mwanawe pesa za kuanzia maisha. Hakumuuliza mwenye cherehani. Mama aliporudi akakuta alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, basi. Hakupiga kelele. Aliniita mimi: mwambie baba yako sina la kusema naye. Nikaenda, nikasema. Nilidhani ni ya wiki moja.

Mimi ndiye mkubwa. Mdogo katoka, mimi nimebaki kuwa simu ya nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Kazini, kwenye duka la fremu, nimeharibu kioo. Picha ya harusi, wateja wanakuja kesho, na mimi nimekata kioo kifupi kuliko fremu. Bosi — tunamwita Milimita, hata kikombe chake cha chai anakipima — hakufoka. Akakiweka kioo juu ya fremu, akanionyesha ule mwanya, akauliza kama nyumbani ni wazima. Nikasema wazima. Akasema mbona kioo kinasema vingine.

Leo pia sijawaambia.

Jumapili, 9 Machi

Nimesema!

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Akauliza kuna mwanamume? Nikasema hakuna. Una mimba? Mama jamani — sina. Akasema basi unakimbia nini. Ningejibu nini, nawakimbia nyinyi? Akachambua, akachambua, kisha akasema mwambie baba yako. Nikangoja amalizie. Kumbe amemaliza. Nilipofika mlangoni ndipo akaongeza: na umuulize, safari hii atauza nini.

Hilo nililimeza njiani.

Baba alikuwa anapiga viatu brashi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mdogo wako alitoka na miaka ishirini, wewe nilishajua umejiandikisha kutuzika. Akacheka peke yake. Halafu akauliza mama yako anasemaje. Nikasema hana neno. Uongo mtupu. Akaacha kupiga brashi.

"Mwambie mama yako..." Akakitazama kiatu. Akakigeuza. "Basi. Acha."

Sasa hiyo "basi, acha" naipelekaje? Miaka yote hii napunguza makali ya maneno yao, na hili moja ambalo halikuwa na makali nimekaa nalo. Nimeogopa. Nikimpelekea mama atauliza acha nini, nami sijui.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia mdogo wangu. Anasema wale ni watu wazima, watajua wenyewe. Rahisi kwake! Yeye anawajua wazazi wa kwenye simu, mama wa "umekula?" na baba wa "kazi zinaendaje?" Hajui kuwa baba hajausikia ulimi wa mama bila mimi kuuosha kwanza. Wala mama hajasikia wa baba. Nikitoka, watakutana na maneno mabichi. Itakuwaje? Mmoja ana presha, mwingine ana kiburi, na mwenye presha naye ana kiburi.

Nilifikiria kurudisha ufunguo. Nilifika hadi kona ya mtaa wa mwenye nyumba. Nikasimama kwenye duka la vocha kama ninayesubiri chenji. Nikarudi nao.

Jumamosi, 15 Machi

Nimehama. Mama amenikunjia mashuka, kisha ameyakunja upya mara mbili. Baba amebeba godoro mwenyewe hadi kwenye pikapu, hataki kusaidiwa, jasho linamtoka. Getini walisimama wote wawili, mmoja nguzo hii, mwingine nguzo ile. Dereva akadhani ni majirani.

Mama akasema mwambie baba yako godoro limeinama, litaanguka. Kabla sijafungua mdomo, baba akalinyoosha. Amesikia! Bila shaka amesikia, yuko hatua chache tu. Mama akageuza uso, akaanza kuokota taka ambazo hazikuwepo.

Nimelia kwenye pikapu. Dereva akaongeza sauti ya muziki, Mungu ambariki.

Jumanne, 18 Machi

Nilidhani nimetoka. Wapi!

Mama amepiga asubuhi: mwambie baba yako gesi imeisha. Nampigia baba: baba, naomba uagize gesi. Baba: mwambie mama yako jana alikuwa anaacha moto unawaka bure. Nampigia mama: baba anaagiza. Mchana mama: mwambie baba yako miwani yake iko juu ya friji, asije akanisumbua kutafuta. Wako nyumba moja! Nyumba yenyewe ukipiga chafya uani, kibarazani wanasema afya.

Simu ya nne Milimita akaweka rula chini. Nikamweleza yote, sijui kwa nini, yamenitoka tu. Akasikiliza huku anafuta kioo.

"Wewe hujahama," akasema. "Umebadilisha kitanda."

Nimekasirika mpaka jioni. Kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 21 Machi

Leo mama alipoanza "mwambie baba yako," nikamkatiza. Mimi! Nikasema mama, sitapeleka tena. Ya kwako nitasikiliza, ya baba nitasikiliza, ila kila mtu abaki na yake. Akasema haya, na akakata simu.

Nikampigia baba, nikasema hayo hayo. Baba akasema sawa haraka mno, kama mtu aliyekutwa na kosa.

Tangu hapo hakuna aliyepiga. Kila mara naangalia kama chaji imeisha. Haijaisha. Nimewavunjia kitu au nimekiacha kivunjike chenyewe?

Jumapili, 23 Machi

Mama amepiga sasa hivi. Nilifurahi hata nikasahau kuwa amenuna. Sauti ndogo. Ameteleza bafuni. Yuko chini, mguu haukanyagiki. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Nikauliza baba yuko wapi. Yuko kibarazani, anasikiliza mpira kwenye redio.

"Mwambie baba yako nimeanguka," akasema.

Kidole kilishaanza kutafuta namba ya baba. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, mwite."

Akasema naumia. Nikasema najua, mama. Akasema wewe ni mtoto gani. Nikasema sijui. Mwite. Mimi niko hapa, sikati.

Kwa hiyo simu iko mezani, spika imewashwa, na ninaandika ili mkono upate kazi, usije ukampigia baba. Nimeuliza kama kuna damu. Hakuna. Kama amegonga kichwa. Hakugonga, amekaa, ameegemea ukuta. Namsikia anavyovuta pumzi. Huu ni unyama? Nikisikia anazidiwa nitapiga. Naapa nitapiga. Mwandiko wenyewe hausomeki.

Bado hajaita. Anafikiria. Mama yangu amekaa kwenye sakafu yenye maji na bado anafikiria!

Ameita.

Hakusema baba yako. Amemwita kwa jina lake, lile alilokuwa akimwita zamani, wakati cherehani ipo. Nilikuwa nimelisahau. Lakini ameita kidogo mno, mpira umelimeza. Nimemwambia pandisha sauti, mama. Ameita tena. Kwa nguvu — sauti imekatika katikati.

Redio imezimwa.

Kandambili ukumbini. Haraka, kisha taratibu. Zimesimama. Nadhani yuko nje ya mlango wa bafu. Namsikia, kwa mbali, kama mtu aliyeamshwa usingizini:

"Umeniita mimi?"

Mama hajajibu. Nasikia pumzi ya mama, na ya baba naikisia upande wa pili. Mlango haujafunguliwa. Jibu, mama. Jibu mwenyewe, mimi simo humo ndani, mimi siko —